Visima vya Isaka na Video Zetu: Jinsi Fomati ya Kubana Video Ilivyofanywa Huria

Somo kwa vikundi vya usharika, vijana, kwaya na wakulima
Andiko la somo: Mwanzo 26:12-33
Andiko la nyongeza: Luka 11:52
Muda: vipindi viwili vya dakika 45

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili washiriki waweze:
- kueleza kwa maneno yao jinsi video inavyobanwa;
- kutofautisha kitu cha bure na kitu kilicho huria;
- kusimulia jinsi fomati ya video iliyokuwa mali ya kampuni moja ilivyowekwa mikononi mwa wote;
- kupanga namna ya kutunza video za kikundi chao.

1. UTANGULIZI



Katika vikundi vyetu vya Kamuli na maeneo mengine ya Karagwe na Kyerwa, video imekuwa daftari la pili. Kwaya hurekodi nyimbo zao. Wakulima hurekodi mafunzo ya kuzuia mnyauko wa migomba. Wazee husimulia historia ya ukoo kwa Kinyambo na wajukuu hurekodi kwa simu. Video hizo hupita kutoka simu hadi simu kwa memori kadi na kwa Bluetooth, na nyingine huvuka mpaka kwenda Uganda na Rwanda.

Tunajali sana nani anaonekana kwenye video na nini kimesemwa. Lakini kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa: je, sheria zinazoifanya video ile ifunguke ni mali ya nani? Simulizi ya mzee aliyekwisha kutangulia haiwezi kurekodiwa upya. Ikiwa faili yake itakataa kufunguka baada ya miaka ishirini, tutakuwa tumempoteza mara ya pili.

Tutalijibu swali hili kwa kufuatilia historia ya fomati moja ya video. Fomati ni utaratibu wa kupanga habari ndani ya faili. Historia yenyewe ilianzia New York, lakini itatusaidia sisi tulio huku.

Kwanza kikundi kisome Mwanzo 26:12-33. Visima alivyochimba Abrahamu vilifukiwa udongo. Isaka akavichimbua tena na kuviita kwa majina aliyovipa baba yake. Watumishi wake walipopata maji mapya, wachungaji wa Gerari waliyadai. Kisima cha kwanza kikaitwa Eseki, yaani ugomvi. Cha pili Sitna, yaani uadui. Cha tatu Rehobothi, yaani nafasi. Tutairudia orodha hii.

2. VIDEO HUBANWAJE?

Video ni picha nyingi za mnato zinazopita haraka. Tufanye hesabu pamoja ubaoni. Picha yenye vidoti 640 kwa upana na 480 kwa kimo ina vidoti 307,200. Kila kidoti kikihitaji baiti 3 kueleza rangi yake, picha moja ni baiti 921,600. Sekunde moja ikiwa na picha 25, tunapata baiti 23,040,000, yaani megabaiti 23. CD ya kawaida ya megabaiti 700 ingejaa kwa sekunde 30 hivi. Kwaya isingemaliza ubeti wa kwanza.

Ndiyo maana video hubanwa. Ikibanwa kufikia biti milioni 1 kwa sekunde, dakika moja huchukua megabaiti 7.5 badala ya megabaiti 1,382. Imepungua zaidi ya mara 180.

Hilo linawezekanaje? Tuchukue mfano wa video ya bwana shamba akionyesha namna ya kuondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda, badala ya panga linaloweza kusambaza mnyauko. Programu ya kubana hufanya mambo manne:

(a) Hugawa picha katika vipande vidogo vya mraba. Migomba iliyo nyuma ya bwana shamba haijasogea, hivyo haina haja ya kuiandika upya katika kila picha.

(b) Hutafuta kilichosogea. Mkono umeinuka. Badala ya kuuchora upya, programu huandika tu kwamba kipande fulani kimehama kwenda juu kwa vidoti kadhaa.

(c) Hupunguza tofauti ndogo zilizobaki na kuacha yale ambayo jicho la binadamu halitayagundua.

(d) Huandika kwa ufupi yanayojirudia, kama katibu anayeandika "M/kiti" badala ya Mwenyekiti.

Mtu atakayesoma muhtasari wa katibu huyo ni lazima ajue vifupisho vyake. Vivyo hivyo, simu au kompyuta inayofungua video ni lazima ijue sheria zilizotumika kuibana. Sheria hizo ndizo fomati.

Tuzingatie pia kwamba maneno kama .mp4 au .webm mwishoni mwa jina la faili ni gunia tu. Magunia mawili yanaweza kufanana, moja lina maharage na jingine lina mahindi. Ndiyo maana faili mbili za .mp4 zinaweza kuwekwa kwenye simu moja, moja ikafunguka na nyingine ikakataa.

3. KUFULI TATU

Ili fomati iwe mali ya wote, kuna kufuli tatu za kufunguliwa.

Kufuli ya kwanza ni maelezo. Je, sheria za fomati zimechapishwa ili kila fundi azisome?

Kufuli ya pili ni msimbo wa chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mafundi. Je, mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa?

Kufuli ya tatu ni hataza. Hii ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa. Kwa kawaida hudumu miaka 20 tangu maombi yalipowasilishwa, na hutolewa nchi kwa nchi. Kwa Tanzania Bara, hataza husajiliwa BRELA. Hataza si jambo baya. Aliyetoka jasho anastahili ujira. Lakini miaka 20 katika kompyuta ni kama maisha ya mtu mzima.

Mfano ni fomati ya H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003 na kuenea katika simu na kamera nyingi. Maelezo yake yamechapishwa. Kufuli ya kwanza iko wazi. Hata msimbo huria wa kubana kwa H.264 umekuwepo kwa miaka mingi. Lakini ndani yake kulikuwa na hataza za makampuni mengi, na ada zilikusanywa na kampuni ya Marekani iitwayo MPEG LA. Mtengenezaji hakulipia vifaa 100,000 vya kwanza kwa mwaka; zaidi ya hapo alilipa senti 20 za dola kwa kila kifaa, kiasi kikishuka kadiri idadi ilivyoongezeka. Mwaka 2010 kikomo cha ada kwa kampuni moja kilikuwa dola milioni 5 kwa mwaka.

Mkulima wa Kamuli hakuletewa ankara hiyo. Ilikuwa ndani ya bei ya simu. Walioumia ni mafundi wa kujitolea wanaotengeneza programu na kuzigawa bure. Mtu anayegawa bure hawezi kuhesabu nakala wala kulipia kila nakala. Kwa hiyo ada ambayo kwa kampuni kubwa ni ndogo, kwa mtu wa kujitolea ni mlango uliofungwa.

Hapa tunapata tofauti tuliyoitaja katika malengo. Kitu cha bure ni kile usicholipia leo. Kitu huria ni kile ulichopewa haki ya kukitumia, kukirekebisha na kukigawa, haki ambayo mwenye kukitoa hawezi kuifuta kesho.

4. KISIMA CHA KWANZA: KUTOKA VP3 HADI THEORA

Mwaka 1992 ilianzishwa kampuni ya Duck huko New York. Kazi yake ilikuwa kubana video, na teknolojia yake ilitumika katika michezo ya kompyuta. Baadaye ilibadili jina na kuitwa On2. Mwaka 2000 ilitoa fomati yake iitwayo VP3. Kama ilivyo kawaida ya biashara, ilikuwa mali yake peke yake.

Septemba 2001 On2 iliufungua msimbo wa VP3. Tusidhani ilikuwa sadaka tupu. Kampuni ilikuwa na vizazi vipya vya kuuza, na ilitumaini kwamba wakiongezeka watumiaji wa VP3, wateja nao wataongezeka. Mungu huweza kutumia hata hesabu za wafanyabiashara.

Lakini tazama jinsi mlango ulivyofunguka kidogo kidogo. Leseni ya kwanza iliruhusu watu kuona na kubadili msimbo, ila iliwabana wasitoke nje ya mstari wa VP3. Machi 2002 leseni ikabadilishwa na kuwa mojawapo ya leseni huria zinazotambulika. Juni 2002 On2 ikaukabidhi msimbo kwa shirika la Xiph.Org chini ya leseni nyepesi zaidi, na ikatoa ruhusa ya hataza zake zote zinazohusu VP3 na kazi zitakazotokana nayo, bila malipo na bila uwezo wa kuirudisha nyuma. Kwa hiyo kutoka tangazo la kwanza hadi uhuru kamili ilipita karibu miezi tisa.

Xiph.Org lilikuwa na uzoefu. Mwaka 1998 Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilitangaza kudai ada kwa watengenezaji wa programu za MP3. Christopher Montgomery na wenzake wakaamua kutengeneza fomati ya sauti isiyo na ada, iitwayo Vorbis. Toleo lake la 1.0 lilitoka Julai 2002. Walichokosa ni fomati ya picha, na VP3 ikaja kwa wakati.

Wakaijenga upya na kuiita Theora. Mwaka 2004 walitangaza kwamba umbo la faili zake halitabadilika tena, ili video zilizorekodiwa wakati huo zifunguke na programu za baadaye. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2008. Juni 2009 Firefox 3.5, programu ya kupitia intaneti, ikaweza kuonyesha video za Theora bila kuongezewa kitu kingine.

Hapo ugomvi ukaanza, kama pale Eseki. Baadhi ya makampuni yalikataa kuitumia, yakisema ubora wake ni mdogo kuliko H.264 na kwamba huenda kuna hataza zilizojificha ambazo siku moja mtu atazidai. Kuhusu ubora walikuwa na hoja, kwani Theora ilijengwa juu ya fomati ya mwaka 2000. Ilihitajika fomati mpya zaidi.

5. KISIMA CHA PILI: VP8

Februari 2010 Google ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya On2 kwa karibu dola milioni 124.6. Pamoja na kampuni ilipata VP8, fomati iliyokuwa bora kuliko VP3 kwa mbali. Mwezi huohuo Free Software Foundation, shirika la Marekani linalotetea programu huria, liliandika barua ya wazi kuiomba Google iiachie VP8 kwa watu wote.

Tarehe 19 Mei 2010 Google ilifanya hivyo. Ilitoa msimbo wa VP8 na kuunganisha picha za VP8 na sauti ya Vorbis katika gunia jipya liitwalo WebM. Hata hapo leseni ya kwanza ilikuwa na kasoro: iliweka sharti la hataza ndani ya ruhusa ya msimbo, hivyo ikagongana na leseni huria inayotumiwa na wengi. Watu wakalalamika. Mwanzoni mwa Juni 2010 Google ikatenganisha mambo hayo mawili. Maneno ya leseni yana uzito. Tunaposaini mikataba ya miradi, tukumbuke jambo hili.

Kisha ukaja uadui, kama pale Sitna. Februari 2011 MPEG LA iliwaalika wenye hataza wajitokeze kama wanaona VP8 inagusa haki zao. Kwa miaka miwili makampuni yaliogopa kuitumia. Hakuna aliyekuwa amethibitisha mahakamani kwamba maji yale ni yake, lakini dai peke yake lilitosha kuwafanya watu wasiteke. Machi 2013 Google na MPEG LA walikubaliana: wenye hataza 11 waliruhusu itumike, na Google ikapata haki ya kupitisha ruhusa hiyo kwa kila mtumiaji wa VP8.

Katika kipindi hichohicho shindano lililainisha upande wa pili pia. Agosti 2010 MPEG LA ilitangaza kwamba video za intaneti zinazotazamwa bure hazitatozwa ada za H.264. Tangazo lilikuja miezi mitatu tu baada ya VP8 kufunguliwa. Kisima kipya kikichimbwa kijijini, hata mwenye kisima cha zamani hupunguza bei ya maji.

6. JE, REHOBOTHI IMEFIKIWA?

Juni 2013 Google ilikamilisha VP9. Mwaka 2015 makampuni saba, yaani Amazon, Cisco, Google, Intel, Microsoft, Mozilla na Netflix, yaliunda umoja wa kutengeneza fomati moja isiyo na ada. Baadhi yao ni washindani wakubwa. Machi 2018 walitoa fomati ya AV1.

Nafasi imepatikana, lakini madai hayajaisha. Mwaka 2019 kampuni iitwayo Sisvel ilitangaza kukusanya ada kwa hataza inazosema zimo ndani ya VP9 na AV1. Kwa hiyo tusiwaambie watu kwamba huria maana yake ni amani ya milele. Isaka naye alihama mara kadhaa kabla ya kupata nafasi.

Na Theora je? Mwaka 2024 programu ya Chrome iliacha kuisoma kwa sababu watumiaji walikuwa wachache. Hata hivyo faili za Theora hazikufa. Programu ya VLC, ile yenye alama ya koni ya rangi ya chungwa ambayo vijana wetu wengi wanaijua, bado huzifungua. VLC yenyewe ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa, na mwaka 2001 ikafanywa huria. Kwa kuwa msimbo wa Theora uko wazi, fundi yeyote wa kesho anaweza kutengeneza kifaa cha kuisoma bila kuomba ruhusa. Fomati huria inaweza kuzeeka, lakini haizikwi na ufunguo wake.

7. MFANO WA NYUMBANI

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya Wazungu. Tutazame Dar es Salaam.

Kampuni moja ya Ujerumani ilikuwa na programu za ofisi ziitwazo StarOffice. Mwaka 1999 ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, na mwaka 2000 Sun ikaufungua msimbo chini ya jina la OpenOffice. Kampuni inanunuliwa, kisha kilichofungwa kinafunguliwa: ni njia ileile ya VP8.

Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, Watanzania hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuufundisha Kiswahili. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitafuta maneno, ukatafsiri, na Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice. Mtu aliweza kuandika barua kwenye kompyuta inayomjibu kwa Kiswahili.

Mwaka 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Wengi wa mafundi waliogopa mradi utakufa. Septemba mwaka huo wakauchukua msimbo, wakaanzisha LibreOffice, na kazi ikaendelea. Mwenye mali alibadilika, lakini haki waliyopewa watu mwaka 2000 haikuweza kufutwa. Hata hivyo tafsiri ya mwaka 2004 haiwezi kuhudumia programu ya leo isipokuwa kuna watu wanaoiendeleza. Kisima kisichosafishwa hujaa tope hata kama hakuna Mfilisti.

Ndani ya Kanisa letu pia, baadhi ya hospitali za KKKT zimetumia Care2x, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa. Na anayetaka kuweka video ya Kiswahili katika Wikipedia atakuta hifadhi yake inapokea WebM, lakini haipokei MP4 yenye H.264. Mwaka 2014 wachangiaji walijadili kuiruhusu, wakakataa kwa sababu ya hataza.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tangazo halitoshi. On2 na Google wote walianza kwa tangazo zuri lenye leseni yenye kasoro. Uhuru ulikamilika pale ahadi ilipoandikwa vizuri na kuwa haiwezi kurudishwa nyuma. Mfadhili au kampuni ikituambia kitu ni bure, tuulize: kimeandikwa wapi, na kinaweza kufutwa na nani?

Pili, ada ndogo kwa tajiri inaweza kuwa ukuta kwa anayejitolea. Katika Luka 11:52 Yesu anawakemea wataalamu walioshika ufunguo wa maarifa, wasiingie wenyewe na kuwazuia waliotaka kuingia. Kanisa lina wajibu wa kuuliza ni nani anabaki nje ya mlango.

Tatu, aliyepewa kisima ana kazi ya kukitunza. Isaka hakuishia kulalamika kwamba visima vya baba yake vimefukiwa. Alishika jembe.

9. HATUA KWA VIKUNDI VYETU

Hatuwaambii vikundi vitupe simu zao. H.264 inafanya kazi na tutaendelea kuitumia, na hataza zake nyingi zinazidi kuisha muda, kama zile za MP3 zilivyokwisha mwaka 2017. Tunashauri yafuatayo:

(i) Tunzeni faili ya kwanza kama ilivyotoka kwenye simu au kamera. Kila mnapobana upya mnapoteza kidogo, kama fotokopi ya fotokopi.

(ii) Kwa video ambazo haziwezi kurekodiwa tena, kama simulizi za wazee, wekeni pia nakala ya WebM. VLC inaweza kuitengeneza bila malipo.

(iii) Msitumie programu za kurekodi ambazo faili zake hufunguka kwa programu hiyohiyo tu.

(iv) Kwaya zenye CD na DVD za zamani zianze sasa kuzihamishia kwenye kompyuta. Sahani huchubuka, na kompyuta nyingi mpya hazina mahali pa kuziweka.

(v) Wekeni nakala sehemu mbili tofauti, kwa mfano ofisi ya usharika na nyumbani kwa katibu. Moto na wezi hawachagui fomati.

(vi) Andikeni katika daftari: jina la video, tarehe, mahali, lugha, waliorekodiwa, na kama wamekubali video igawiwe. Kibali cha mzee kinatangulia leseni yoyote.

(vii) Mwishoni mwa video ya mafunzo andikeni ruhusa iliyo wazi, mfano: "Unaruhusiwa kunakili na kugawa video hii bure, ukitaja kikundi kilichoitengeneza." Bila maneno hayo, anayetaka kuisambaza kihalali hana uhakika, na somo la mnyauko linabaki kabatini wakati migomba inakauka.

10. MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu kuna video gani ambazo zikipotea haziwezi kupatikana tena? Ziko wapi leo, na ni nani anayezifungua?

2. Wachungaji wa Gerari walidai maji ambayo hawakuyachimba. Je, mvumbuzi anayedai ada kwa hataza yake anafanana nao? Toa sababu za ndiyo na za hapana.

3. On2 ilitoa VP3 ikiwa na matumaini ya biashara. Je, zawadi yenye faida kwa mtoaji bado ni zawadi?

4. Kwaya imeuza DVD ili kununua vyombo vya muziki. Je, ni haki watu kuinakili bure? Kuna tofauti gani kati ya wimbo wa kwaya na fomati inayoubeba?

5. Ni maarifa gani katika jamii yetu, nje ya kompyuta, ambayo yamefungwa na wachache? Tunaweza kufungua kufuli ipi mwaka huu?

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, waliokubaliana mwaka 2002 kuifungua VP3 hawakuwajua wakulima wa Kamuli. Hata hivyo ahadi waliyoiandika inamlinda kila anayehifadhi kumbukumbu zake kwa fomati zilizotokana na kazi hiyo. Nasi hatuwajui watakaofungua video zetu baada ya miaka thelathini. Tuwaachie maji, na tuwaachie pia kamba na ndoo.

Tuombe kwa ajili ya vijana wanaojifunza kompyuta, kwa ajili ya wazee wetu ambao simulizi zao hazijarekodiwa, na kwa ajili ya wote wanaofanya kazi ambayo faida yake itaonwa na wengine.

Vikundi vitakavyokamilisha somo hili vinaombwa kuandika majibu ya swali la 1 na kuyafikisha ofisi ya miradi ya Dayosisi kupitia kwa mchungaji wa usharika, ili tupange pamoja mafunzo ya kuhifadhi video hizo.